Pini ya Upande wa Ndani

Fundi baiskeli aliyeitwa Nyundo Moja hakujipa jina hilo mwenyewe, ingawa tuseme ukweli, hakulikataa pia. Walimpa wateja, enzi alipokuwa akiketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa ghala la nafaka na kuunga cheni huku watu wakitazama. Mafundi wengine hugonga-gonga kama watu wanaobisha hodi nyumba ya wakwe. Yeye alikuwa akishika nati nyuma ya cheni kwa mkono wa kushoto, anaisimamisha pini kwenye tundu lake, nyundo inashuka mara moja, basi. Mteja bado anatafuta pa kuegemea, kazi imekwisha. Watu wakaanza kuelekezana, nenda kwa Nyundo Moja, na jina likaganda.

Aliuanza ufundi kijana, akiwa mbeba magunia wa ghala hilo hilo. Kazi ya magunia aliiacha siku mgongo ulipomwambia basi, na badala ya kurudi nyumbani akavuka barabara, akatandika gunia chini, akapanga juu yake spana, pampu, bakuli la maji la kutafutia pancha, na kopo la grisi. Akakaa. Miaka imepita, ghala limebadilisha wenyewe, ukuta umepakwa rangi na kuchujuka tena, yeye yupo pale pale. Ukutani nyuma yake kuna doa jeusi la mafuta lenye umbo la mgongo wake, na watoto wa shule huamini limechorwa.

Alikuwa na maneno ambayo kila aliyekatikiwa na cheni aliyasikia. Kwanza aliishika cheni pale mbele, katikati ya meno ya gia kubwa, akaivuta. Ikivutika mpaka jino likaonekana zima, alisema, "Hii imekwisha, na imekula meno ya nyuma. Ukifunga cheni mpya peke yake itaruka kama mbuzi. Badilisha vyote au usibadilishe kitu." Kama cheni bado nzima, aliipitisha mkononi pingili kwa pingili mpaka afike palipokatika, kisha akauliza swali lake moja: "Nani aligusa hapa?" Kwa sababu, alivyoamini, kiwanda hakikosei sana. Pingili ambayo haijawahi kufunguliwa huvumilia mvua, mchanga, na mke wa mtu aliyepakiwa nyuma pamoja na ndoo zake. Inayokatika ni ile iliyofunguliwa na fundi ikafungwa vibaya. "Cheni ikikatika," alikuwa akisema, "usitukane cheni. Tafuta alipogusa mtu."

Mtu aliyeyajua maneno hayo kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Alikuwa akisambaza mikate. Kila alfajiri aliichukua bekari, akaipanga kwenye sanduku la bati lililofungwa juu ya keria ya baiskeli, akazunguka nayo madukani mpaka sanduku likawa jepesi. Baiskeli ile ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzito kama deni la ukoo, na tangu aanze kazi hiyo haikuwahi kuguswa na fundi mwingine. Kumpelekea mtu mwingine ingekuwa sawa na kwenda kula kwa jirani wakati dada yake amepika.

Sasa, hawa wawili walikuwa watani. Si utani wa siku za sherehe tu, la, hawakuwa na lugha nyingine. Tangu Nyundo Moja alipokuja kuposa, huyu mdogo mtu akamfungulia mlango na kumwambia nyumba hii hatununui pampu, hawajawahi kuzungumza neno la maana bila kulitia mzaha. Huyu mdogo mtu alipofiwa na mama yake, fundi alimfariji kwa kumwambia kwamba sasa hakuna wa kumtetea, ajiandae. Alicheka kwa machozi, na kwa kweli lilimpoza. Basi mambo yao yote yalipita njia hiyo, na yalipita salama, mpaka cheni ilipoanza kukatika.

Mara ya kwanza ilikatika karibu na bekari, asubuhi, sanduku limejaa. Akaisukuma baiskeli mpaka ukutani.

"Shemeji, nyundo yako imezeeka."

"Nyundo haina neno," akasema fundi bila kuinua kichwa. "Wewe umenenepa. Bekari wanakupa mikate ya kubeba au ya kula?"

Akacheka, akaketi juu ya tairi kuukuu, akangoja. Aliona kwamba fundi alipiga zaidi ya mara moja. Aliona pia kwamba aliipapasa pini kwa kidole gumba muda mrefu, uso wake umeelekea barabarani. Lakini mtu akizeeka hupunguza mwendo, akasema moyoni, na mikate ilikuwa inangoja.

Haikuchukua muda ikakatika tena. Safari hii alikuwa dukani, amesimama, anapanda tu, mguu ukashuka na pedeli pasipo kizuizi na goti likagonga usukani. Alipofika ukutani alikuwa anachechemea.

"Shemeji, hivi ulimposa dada yangu kwa ufundi huu huu?"

"Dada yako hakukatika hata siku moja. Wewe ndiye unayesimamia pedeli kama unapanda mnazi. Kaa chini ukiendesha, utaona."

Hapo alitaka kusema kwamba goti linauma kwelikweli, kwamba mwenye duka amemwonya, na kwamba bekari kuna foleni ya watu wanaoitamani njia yake ya mikate. Maneno yakafika kooni yakageuka mzaha mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kati yao, kila alichokitoa kilikuwa kinatoka kimeshavaa kanzu ya utani. Akasema, "Basi nitaendesha nimelala," fundi akacheka, na cheni ikaungwa.

Jioni ile alipita kwa dada yake. Alimkuta anafuta meza, na juu ya meza kulikuwa na ziwa la chai lililozunguka kikombe.

"Nani kamwaga?"

"Meza haijakaa sawa," akasema dada.

Meza ilikuwa imekaa sawa. Mdogo mtu aliitikisa kwa kiganja, haikutikisika. Akamtazama dada yake, na dada akajitia hamnazo, akaenda kusuuza kitambaa. Akamwuliza shemeji anaendeleaje. Anaendelea vizuri. Amechoka? Nani asiyechoka. Dada alikuwa mtu wa kusema sana, kwa hiyo majibu hayo mafupi yalimkaa mdogo wake kichwani njia nzima.

Mara ya tatu ndiyo iliyomwangusha. Palikuwa na kilima kidogo kabla ya kivuko cha reli, si kirefu, lakini mtu mwenye mzigo lazima asimamie pedeli, awe mnene au mwembamba. Alipofika karibu na juu, cheni ikatoa mlio mkavu na miguu yote ikakosa pa kukanyaga. Baiskeli ikalala kushoto, sanduku likafunguka, mikate ikatawanyika lami nzima, na yeye akaangukia kiwiko. Nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva alikuwa mtu wa subira, au breki zake zilikuwa nzuri, kwa sababu gurudumu la mbele lilisimama juu ya mkate mmoja na halikuufikia wa pili, uliokuwa karibu na kichwa cha mwanamke huyo.

Watu walimwinua. Walimwokotea mikate, mingine wakaiweka mifukoni mwao, si mbaya, ilikuwa imeshachafuka. Alipoiinua baiskeli, ukuta wa ghala ulikuwa mbali, na kituo cha mafuta kilikuwa pale pale ng'ambo ya reli. Kwenye kituo hicho kulikuwa na fundi mwingine, mtu mrefu asiye na maneno, aliyefanya kazi chini ya mwavuli mpana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaisukuma baiskeli kwa mwanamume asiyekuwa shemeji yake. Ndivyo alivyojiambia, na hata katika hali ile alicheka kidogo.

Fundi mrefu aliilaza baiskeli, akaitoa cheni, akaisogeza karibu na uso. Akaigeuza upande wa pili. Akakunja uso.

"Nani alipiga pini hii?"

Jina lilikuwa mdomoni. Akalimeza. "Mimi mwenyewe," akasema.

"Basi usirudie." Akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Pini, alieleza, inatakiwa ijitokeze kidogo tu, sawasawa huku na huku, ndiyo inavyozishika bati zote mbili za pingili. Hii kwa nje imebaki ndefu. Kwa ndani, upande unaotazama gurudumu, haijafika hata kwenye usawa wa bati. Ilikuwa inashikwa na upande mmoja. "Tundu la nati halikukaa nyuma ya pini. Pini ikagota chuma, ikaishia hapo. Kwa nje ukigusa utaona iko sawa. Ndani ndiko kwa kutazama."

Kisha, akiwa anatafuta pini nyingine, akasema mengi kuliko alivyozoea. "Si ungempelekea Nyundo Moja? Ingawa hata yeye siku hizi wa cheni wote ananiletea mimi. Karibu mwaka sasa. Anafanya pancha na kujaza upepo, cheni hataki. Sijamwuliza, maana riziki haiulizwi."

Mwanamke yule akasimama na kiwiko chake kinachovuja damu. Wote. Muuza maziwa, mwalimu mkuu, yule mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu, wote walikuwa wakielekezwa huku, kwenye cheni salama. Aliyebaki kule ukutani ni yeye peke yake. Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa nusu, na ile nusu ikamchemsha damu.

Alimwambia fundi mrefu aunge cheni. Akazungusha mikate iliyosalia, akaomba radhi kila duka, akapokea maneno aliyopokea. Bekari msimamizi alimwambia kwa upole kwamba safari nyingine njia yake itapewa mtu mwingine. Upole wake ulimchoma kuliko kama angefoka. Kisha akaenda ukutani.

Nyundo Moja alikuwa anapaka grisi ekseli. Alimsikia kabla hajafika, kama kawaida, akatabasamu upande ulikotoka mlio wa baiskeli.

"Karibu, mama wa mikate. Leo umekanyaga pedeli au umezionea huruma?"

"Kaka," akasema.

Mkono wa fundi ukasimama ndani ya kopo la grisi. Tangu siku ya posa hakuwahi kumwita hivyo. Shemeji unaweza kumtania, kaka unamweleza jambo. Fundi akautoa mkono polepole na kuufuta kwenye suruali.

"Leo umeniita kaka. Nani amekufa?"

"Ilikuwa niwe mimi. Pale kwenye reli. Cheni imekatika, nimeanguka, lori lilikuwa nyuma yangu." Akatoa mfukoni kipande cha pingili alichopewa na fundi mrefu, akakiweka kwenye kiganja cha shemeji yake. "Nani aligusa hapa?"

Fundi hakukisogeza machoni. Alikipapasa kwa gumba, upande wa nje, akatikisa kichwa kana kwamba hakuna kosa. Kisha akakigeuza, akakigusa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole hicho, kila mtu mtaani alijua, kiliacha ncha yake kwenye meno ya gia miaka mingi nyuma. Nyama yake ilikuwa na ganzi. Hata angekigonga kwa nyundo kisingemwambia kitu. Siku zote upande wa ndani alikuwa akiutazama kwa macho.

"Kitazame," akasema mwanamke.

"Nimekitazama."

"Hujakitazama. Umekishika. Nipo mbele yako hapa, kiwiko changu kina damu mpaka kwenye kifundo cha mkono, hujaniuliza hata pole. Hukuiona."

Barabarani gari lilipita, na lingine. Fundi aligeuza uso kumwelekea, na kwa karibu vile, mchana ule, shemeji yake aliona kile ambacho angekiona zamani kama wangewahi kutazamana bila kucheka. Kwenye mboni kulikuwa na weupe, kama maziwa kidogo yaliyomwagwa kwenye maji.

"Pole," akasema fundi. "Sikuiona."

"Tangu lini?"

"La kushoto zamani. La kulia limeanza mwaka jana."

"Na ndipo ukaanza kuwatuma watu kituo cha mafuta. Wote. Ukanibakiza mimi." Sauti ilipanda, na mpita njia akageuka. "Kwa nini mimi, kaka? Wa maziwa akianguka ni mwenzio, mimi nikianguka ni mzaha? Nilikukosea nini?"

Akangoja amwambie kwamba amenenepa. Akangoja chochote. Fundi alikuwa anakizungusha kipande cha pingili kati ya vidole, na alipojibu alijibu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Wengine nilikuwa naweza kuwaambia nina kazi nyingi. Wewe ungeniuliza kwa nini. Tena yako ndiyo iliyokuwa imebaki. Nikiacha na yako, basi nimeacha. Kila siku nilisema hii moja nitaipiga vizuri."

Hasira haikumtoka mwanamke yule papo hapo, tusipige chuku. Alikuwa ameumia, na alikuwa ameumizwa na mtu aliyemwamini kuliko mafundi wote duniani. Alisimama akiutazama ule ukuta wenye doa, akataka kusema maneno ambayo yangechukua miaka kufutika. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mwanamume mwenye grisi mpaka kwenye viwiko ambaye alikuwa anamwelekea mahali asipokuwepo, kidogo kushoto, kwa sababu mwanamke alikuwa amesogea bila kutoa sauti.

"Dada anajua?"

"Anajua chai inamwagika."

"Kuna dawa. Ni mtoto wa jicho, wanamwondoa hospitali, mama mkwe wa mwenye bekari aliondolewa."

"Kwa kisu."

"Kwa kisu, ndiyo. Kwani wewe pini unatoa kwa maombi?"

Hilo lilimtoka bila kukusudia, kwa mazoea, na fundi karibu acheke, lakini hakuna aliyecheka. Mwanamke akakata kauli pale pale: kesho angempeleka hospitali mwenyewe, kwa baiskeli hii hii, na mpaka watu wa macho wamtazame, fundi hataigusa cheni yake hata kwa kuifuta vumbi. Fundi akasema anaogopa. Alisema hivyo tu, naogopa, kama mtu anayetaja kifaa kilichokosekana kwenye sanduku. Mwanamke akasema anajua.

Kesho yake alimaliza mikate mapema, akalifungua sanduku la bati na kuliacha kwa dada yake. Dada alikuwa ameshika kanga mdomoni. Nyundo Moja alivaa shati la kupigwa pasi, akapanda keria kwa kuipapasa kwanza, akakaa miguu wazi. Walipita ukuta wa ghala. Gunia lilikuwa limekunjwa na kigoda kimeingizwa ndani, na watu wawili watatu walimsalimu fundi kwa jina lake, naye akawaitikia wote kwa sauti ya juu, kila mmoja kwa jina lake, maana sauti alikuwa hazikosei.

Kwenye kilima cha reli akataka kushuka.

"Kaa."

"Ni mzito mimi."

"Mikate ilikuwa mizito zaidi, na haikuwa inaongea."

Akasimamia pedeli. Cheni ilikaza, ikavuta, ikapita juu ya meno bila kutoa sauti, na wakavuka reli. Nyuma yake mwanamke alisikia pumzi ya shemeji yake, iliyozuiwa tangu chini ya kilima, ikiachiwa.

Hospitali ilikuwa jengo refu lenye veranda. Alipoegemeza baiskeli kwenye nguzo, fundi hakwenda mlangoni. Alichuchumaa. Shati lake jeupe likagusa vumbi. Akaishika cheni na kuanza kuipitisha kati ya vidole, pingili kwa pingili, gumba kwa nje, na kwa ndani safari hii kidole cha kati, ambacho kilikuwa kizima. Shemeji yake alimwacha. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walimtazama mzee aliyevaa vizuri akipapasa baiskeli. Aliizungusha cheni yote, akaanza tena mwanzo, polepole zaidi.

Mwishowe akaiachia.

"Sipati alipogusa mtu," akasema.

Akakaa vile alivyochuchumaa kwa muda, mikono ikining'inia juu ya magoti, imechafuka kama siku yoyote ya kazi. Kisha akaupeleka mkono mmoja hewani, kuelekea sauti ya shemeji yake, akaungoja ushikwe.

"Nisimamishe. Hapo mbele kuna ngazi, au ni kivuli?"

"Ni ngazi," akasema, akamshika.